Robo ya Wimbi

Octave Ilunga, fundi bati wa Jeppestown, Johannesburg, alikuwa ameshaanguka mtihani wa ufundi mara mbili, na kituo cha majaribio humpa mtu mara tatu tu. Hilo alilijua yeye, alilijua mkewe Murielle, alilijua hata pasta wao, kwa sababu Murielle alisimama Jumapili akaliombea mbele ya kanisa zima, na Octave akatamani sakafu ipasuke immeze. Ukianguka mara ya tatu huitwi tena. Unabaki fundi wa kusifiwa mdomoni, yule anayesemwa kila mahali kwamba anaijua kazi, lakini karatasi hana.

Na karatasi ndiyo iliyokuwa ikitakiwa. Karakana aliyofanyia kazi ni ya Mselem, Mtanzania wa Tanga, mtu mwema ila mwoga wa barua. Mwaka ule Mselem alipata kazi ya mabomba ya moshi ya mikahawa, yale yanayotoka juu ya majiko ya kukaangia na kupita darini hadi nje. Kabla hawajakata hata bati moja, wenye majengo wakaleta barua: kila bomba litiwe sahihi na fundi mwenye cheti. Mselem aliisoma barua ile mara nne. Kisha akamwita Octave pembeni, akamwambia kwa upole, na upole wenyewe ndio uliouma, kwamba amengoja vya kutosha. Jean-Claude, yule Mrundi wa karakana ya mtaa wa pili, cheti anacho. Ijumaa, ikifika saa sita mchana na Octave hajapiga simu kusema amefaulu, Jean-Claude ataichukua meza.

Meza yenyewe, ukiiona, utacheka. Mbao mbili nene na kipande cha reli kilichofungwa pembeni, basi. Lakini Octave alikuwa ameisimamia miaka kumi na moja. Pale ndipo kodi ya nyumba ya Troyeville ilipotoka, ada ya binti yake ilipotoka, na hata heshima yake kama mtu mzima, ukitaka kujua, ilitoka pale. Mtu wa miaka arobaini na saba akiondolewa mezani Johannesburg, mwenzangu, anakwenda wapi? Anakwenda kulinda geti la jengo la watu Hillbrow, na kuitwa "wewe" na vijana wanaorudi na mifuko ya chipsi. Octave hakudharau kazi ya geti. Aliiogopa tu.

Sasa, ili ujue kilichompata Ijumaa ile, lazima ujue kwanza kitu alichokipenda. Kila mtu ana chake. Wengine wanapenda mpira, wengine suti. Octave alipenda mstari mmoja.

Aliupata kwa baba yake kule kwao Likasi, mji wa migodi, katika karakana walikotengeneza mabomba ya kusukuma hewa chini ya ardhi. Siku ya kwanza baba yake alichukua karatasi, akaizungusha ikawa bomba, akaikata kwa kisu chenye makali, mshazari, mara moja. Akampa mtoto aifunue. Octave alitegemea kuona mstari ulionyooka, maana kisu kilipita moja kwa moja. Akaona wimbi. Linapanda taratibu, linafika kileleni, linashuka, linagusa chini, linapanda tena hadi pale lilipoanzia. Alimwangalia baba yake kama mtu aliyefanyiwa kiini macho. Baba yake akacheka, akasema hakuna uchawi hapo, ndivyo bomba linavyosema ukilifungua.

Kuanzia hapo akajua kuuchora kwenye bati. Unapima mzunguko wa bomba, unaugawa sehemu kumi na mbili, kila sehemu ina kimo chake, unaweka nukta, unaunganisha nukta. Ukikata bati kwa wimbi lile unapata vipande viwili, cha juu na cha chini. Vikunje vyote viwe mabomba, kimoja ukizungushe nusu duara, vilete pamoja: vinakutana kila mahali, na bomba lako limepiga kona. Kiwiko. Hakuna kipande kinachotupwa, kwa sababu wimbi lile ukiligeuza juu chini linakuwa lile lile, limesogea tu. Mkato mmoja unazaa miguu miwili. Octave aliwahi kuoa, kuhama nchi, kulala kwenye vituo vya mabasi vya nchi tatu, na katika yote hayo kitu pekee ambacho hakikuwahi kumdanganya ni mstari ule.

Lakini kuupenda ni jambo moja, kuusemea ni jingine. Jaribio la kwanza aliangushwa na saa tu, alichelewa kumaliza. La pili ndilo lililomchoma. Kiwiko chake kilikuwa safi kuliko vyote ukumbini, na mtahini akamuuliza kwa nini ameanza mkato pale alipoanza na si mahali pengine. Octave akajibu kwamba ndivyo wanavyofanya. Mtahini akauliza tena, kwa namna nyingine. Octave akajibu kwamba ndivyo alivyofundishwa na baba yake. Sehemu ile alipata sifuri, na kwa hiyo akaanguka. Fundi anayetia sahihi, waliandika, lazima aweze kueleza anachokitilia sahihi. Octave alikasirika mwezi mzima, kisha hasira ikaisha na ukweli ukabaki palepale.

Binti yake Arlène ndiye aliyempa maneno, tena bila kukusudia. Arlène alizaliwa Johannesburg, yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, Kiswahili anakisikia chote ila ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza. Wiki mbili kabla ya jaribio alikuja na zoezi la ajabu. Mwalimu wao wa hesabu aliwataka kila mmoja achague fonksheni moja anayoipenda, asimame mbele ya darasa, aseme kwa nini. Octave akauliza fonksheni ni mnyama gani. Arlène akamwambia ni kanuni: unaipa namba, inakurudishia namba nyingine, na ukichora majibu yake yote unapata umbo.

Wakakaa mezani, sufuria ya fufu katikati, Arlène akamwonyesha maumbo hayo kwenye simu, moja baada ya jingine, na kumweleza nani darasani kachagua lipi. Wavulana wa mpira walichagua parabola, kwa kuwa ndiyo njia ya mpira uliopigwa juu. Rafiki yake mmoja alichagua ile inayojizidisha, inaanza kama haipo kisha inapaa hadi inatoka kwenye karatasi, na Murielle kutoka jikoni akasema hiyo anaijua, ndivyo umbea wa kanisani unavyokwenda. Mwingine alichagua ile inayokataa hasi, ukiipa tatu inarudisha tatu, ukiipa hasi tatu inarudisha tatu vilevile. Octave akasema hiyo ni shemeji yake Célestine, habari mbaya hazimwingii.

Kisha Arlène akafungua umbo jingine, na Octave akaacha kutafuna.

"Hili ni langu," Octave akasema.

Lilikuwa wimbi lake. Linapanda, linafika, linashuka, kila kitu. Akainuka, akaleta karatasi na kisu, akamfanyia binti yake kile baba yake alichomfanyia Likasi. Arlène alipoifunua karatasi alipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta. Alikuwa amelichora umbo lile miaka mitatu shuleni na hajui kwamba limekaa ndani ya kila bomba analopita chini yake.

Basi wakaanza kubishana. Arlène alipenda sini, inayoanzia katikati, pale pa sifuri. Alisema haina majivuno, inaanza chini kama watu wengine. Octave alishika kosini, inayoanzia kileleni. Ndivyo alivyokuwa akichora siku zote, nukta ya kwanza juu kabisa. Alisema kitu kinachoanzia juu kinajua kinakokwenda. Arlène akacheka, akamwambia wanagombana bure, ni wimbi moja, mmoja kasimama mlangoni na mwingine kasimama sebuleni. Lisogeze robo tu na kosini imekuwa sini. Octave alikubali kwa mdomo. Moyoni alibaki na kosini yake, na kwa siku zote zilizobaki alijizoeza kuisemea, barabarani, kwenye teksi, chooni, mpaka Murielle akamwambia kanisa limeombea fundi, halikuombea kichaa.

Ijumaa ikafika. Saa mbili asubuhi watu tisa waliingia ukumbini, simu zikaachwa getini kwenye sanduku. Mtahini alikuwa Baba Dlomo, mzee mrefu wa Kizulu mwenye viatu vizito, mtu wa maneno machache, kalamu yake kaifunga kwa uzi shingoni. Alimpa kila mtu mchoro mmoja na bati moja la mita moja kwa mita moja. Akasema kwa Kiingereza cha taratibu kwamba bati la pili halipo. Ukiharibu, umeharibu. Muda ni hadi saa tano.

Octave aliutazama mchoro na moyo ukatulia. Kiwiko cha digrii tisini. Kipenyo sentimita ishirini na nne na nusu, kila mguu nusu mita. Kwa hiyo miguu miwili inakula urefu wote wa bati, hakuna nafasi ya kukata kila mguu peke yake. Lazima mkato mmoja uzae yote miwili. Kazi ya baba yake kabisa. Mzunguko ukawa sentimita sabini na saba. Akaacha sentimita moja ya kukunjia mshono upande wa kushoto, akapiga mistari kumi na mbili, akaandika vimo vyake kumi na viwili kwenye karatasi, akaweka nukta, ya kwanza kileleni. Akachukua msumari wa kuchorea, akaunganisha. Mkono ulitembea wenyewe. Wenzake walikuwa bado wanakuna vichwa.

Saa tatu na robo alishika mkasi wa bati, akaanza kukata kutoka kushoto. Sentimita mbili, tano, nane. Akasimama kidogo kufuta jasho, na macho yakaanguka kwenye karatasi ya mchoro, chini kabisa, ambako kulikuwa na mstari mmoja wa maandishi madogo ambao hakuusoma.

Octave husoma namba haraka kuliko Kiingereza. Namba alizimaliza zote, maneno akayaruka. Sasa akayasoma, neno kwa neno, midomo ikicheza. Bomba hili ni la jiko la kukaangia. Linapanda kwa mshazari, linavuka boriti, linashuka kwa mshazari. Mshono wa kukunja usiwe upande wa chini.

Akausoma tena. 

Maana aliona mara moja, kama mtu anavyoona gari linalokuja. Kiwiko hiki kingekaa darini kama goti la mtu aliyeketi na kukunja miguu: mgongo juu, tumbo chini, jiko likiwa chini ya goti. Bati linapokunjwa kuwa bomba, mshono unakaa pale ulipoanzia wimbi. Yeye alianzia kileleni. Ukianzia kileleni, kipande kimoja mshono wake unakwenda mgongoni, na kile kingine, kwa sababu kinazungushwa nusu duara ili vikutane, mshono wake unakwenda tumboni. Haikwepeki. Kule Likasi mabomba yalibeba hewa, na hewa haidondoki. Mshono ukae popote, nani atauliza? Huku ni mvuke wa mafuta. Utapoa, utatiririka hadi tumboni, utapenya mkunjo, utamdondokea mpishi kichwani au utaingia kwenye moto. Fonksheni yake nzuri haikujua juu ni wapi na chini ni wapi. Mafuta yanajua.

Na alikuwa ameshakata sentimita nane.

Akainua macho. Baba Dlomo alikuwa amesimama hatua tatu nyuma yake, anaangalia ule mkato. Akashika kalamu iliyoning'inia shingoni, akaandika kwenye karatasi yake, akaenda kwa mtu mwingine.

Octave aliweka mkasi chini polepole, hakutaka bati lilie. Akilini alimwona Jean-Claude anaingia karakana na sanduku lake la nyundo. Alimwona Murielle akisema si kitu, Papa Arlène, si kitu, kwa ile sauti ya watu wanaosema si kitu. Akajikasirikia hasira mbaya. Mstari mmoja wa Kiingereza ulikuwa unamshinda nini? Miaka ishirini kwenye mji huu, na bado anaruka maandishi kama mtoto anayeruka dimbwi.

Dakika kumi zilipita hivyo, na dakika kumi ni nyingi mno. Alifikiria kumaliza tu, alehemu, akabidhi, aondoke. Alifikiria kulehemu mshono wa tumboni, lakini maelekezo yalisema mshono ukunjwe, usilehemiwe. Alifikiria kugeuza bati, akaona ni yale yale. Mwisho, kwa kukosa pa kutazama, alitazama vile vimo kumi na viwili alivyoandika, safu moja kwenda chini ya karatasi.

Cha kwanza ndicho kirefu. Vinapungua, vinapungua, cha saba ndicho kifupi kuliko vyote, vinaongezeka tena. Baada ya cha kumi na mbili alikuwa amepiga mstari, kama mtu anayefunga hesabu. Octave akauangalia mstari ule. Nani aliyesema wimbi linaishia hapo? Ni yeye. Wimbi lenyewe halikusema. Baada ya cha kumi na mbili kinarudi cha kwanza, kisha cha pili, kisha cha tatu, hata ukienda mpaka Likasi.

Kwa hiyo si lazima aanzie kileleni. Akitupa sehemu tatu za kushoto, robo ya wimbi, na kuongeza sehemu tatu upande wa kulia, bado atakuwa na kumi na mbili. Bado wimbi zima. Lakini litaanzia katikati ya mteremko, si juu, si chini. Na mshono ukianzia katikati unakaa ubavuni, wa mguu mmoja ubavu wa kushoto, wa mguu mwingine ubavu wa kulia. Tumboni hakuna mshono. Na ule mkato wa sentimita nane, Mungu wangu, uko ndani ya kile kipande kinachotupwa.

Sasa swali lilikuwa moja: bati linatosha? Kila sehemu ni sentimita sita na kitu. Tatu ni kumi na tisa na robo. Aongeze sentimita moja ya kukunjia. Jumla ishirini na robo. Akachukua tepu, akapima kutoka mwisho wa wimbi lake hadi ukingo wa kulia wa bati. Hakuamini, akapima tena kutoka upande wa pili. Ishirini na mbili. Ilibaki upana wa kidole gumba, na kidole gumba kile ndicho kilichosimama kati yake na geti la Hillbrow.

Ilikuwa saa tatu na dakika arobaini. Hakukimbia, na hapo namsifu, maana mimi ningekimbia. Alipiga mistari mitatu mipya, akahamisha vimo vitatu vya kwanza, akaweka nukta, akavuta wimbi mbele. Lilipanda pale pale alipoliacha na kufika kileleni bila mkwaruzo, kisha likaanza kushuka hadi katikati, na hapo akalisimamisha. Akakata ile robo ya kushoto, wima, na kipande chenye aibu yake kikaanguka sakafuni kwa kelele. Watu wakageuka. Akakata wimbi. Kazi ya kukata wimbi ni ya pumzi. Ukikata kwa hasira linavunjika meno, na yeye hasira alikuwa nayo, kwa hiyo alikata kidogo, akangoja, akakata kidogo. Akakunja kwenye roli, mashine ya kuviringisha bati. Akafunga mishono, akaigonga kwa nyundo ya mbao kuanzia ncha moja hadi nyingine. Saa tano kasoro robo vipande viwili vilikutana, na alipovizungusha vikakaa kama vilivyozaliwa pamoja. Akalehemu kiungo huku mtu wa meza ya jirani akilaani bati lake kwa lugha tatu.

Baba Dlomo alikuja kwake wa mwisho, na ilikuwa karibu saa sita kasoro dakika ishirini. Wengine walikuwa wameshakabidhi na wanangoja benchini, wengine wamekwenda. Hakukisifu kiwiko. Alikiweka kwenye fremu vile kitakavyokaa darini, goti juu, akaziba ncha mbili, akatoboa tundu dogo mgongoni, akamimina mafuta ya moto humo, akatandika gazeti chini. Wakasimama wote wawili wakiangalia gazeti. Octave alihesabu kimya. Alifika mia mbili na gazeti lilikuwa bado kavu.

Kisha mzee akainama, akaokota kile kipande kilichotupwa sakafuni, akakiinua hadi usawa wa macho, akapitisha kidole kwenye ule mkato wa sentimita nane.

"Kwa nini mkato wako wa mwisho umeanzia pale?" aliuliza.

Lile lile swali. Octave aliyasikia maneno yake ya mwaka uliopita yakija yenyewe, ndivyo tunavyofanya. Akayameza.

"Mstari huu hauna mwanzo, Baba," alisema. "Mwanzo anauweka fundi. Ukiuweka kileleni, mshono mmoja unaenda mgongoni na mwingine tumboni. Ukiusogeza robo, yote miwili inakaa ubavuni, na umbo la kiwiko halibadiliki hata kidogo. Shuleni wa kileleni wanauita kosini na wa katikati wanauita sini, lakini ni mmoja. Hewa haijali uanzie wapi. Mafuta yanajali."

Baba Dlomo alikiinua kile kipande juu zaidi.

"Na huu mkato?"

Hapa Octave angeweza kusema uongo, na uongo ulikuwa tayari mdomoni, mwepesi, kwamba alikuwa anajaribu makali ya mkasi. Nani angempinga? Lakini mzee alikuwa nyuma yake muda ule. Na zaidi ya hapo, alichoka. Alichoka kuwa fundi anayejua kitu na kukificha.

"Hapo nilikosea. Sikusoma maandishi ya chini. Nilianzia kileleni kwa sababu ndipo ninapopapenda."

Mzee akageuza karatasi aliyokuwa ameishika tangu asubuhi, akamwonyesha. Mbele ya jina la Octave Ilunga, kwa wino, ilikuwa imeshaandikwa kwamba ameanguka, na kando yake saa: tatu na dakika ishirini. Octave akashika ukingo wa meza.

"Niliandika mkasi ulipoingia," alisema Baba Dlomo. "Anayekata pale huwa harudi."

Akashika kalamu, akapiga mstari juu ya lile neno, polepole, kama mtu anayelipa deni asilolipenda. Akaandika neno jingine pembeni. Akatia sahihi kando ya alichokifuta, kisha kando ya alichokiandika, na kusema kwamba Jumatatu wakubwa watamuuliza kwa nini karatasi imechafuka, na yeye atawaeleza. Octave aliuliza kama hawezi kupata karatasi safi. Mzee akamwambia hakuna safi, aende na hiyo hiyo.

Alikwenda nayo. Getini mlinzi alichukua muda wake kutafuta simu sandukuni, akatoa ya mtu mwingine, akairudisha, akatoa nyingine. Ilikuwa saa sita kasoro dakika tatu. Octave alipiga akiwa bado kwenye ngazi za geti, Mselem akapokea, na nyuma ya sauti yake zikasikika nyundo zinapangwa juu ya mbao. Mselem alisema kwa haraka ya mtu aliyeona haya kwamba Jean-Claude kawahi, keshaanza kupanga vifaa vyake mezani, na sasa amwambie nini.

"Mwambie meza ina mwenyewe," Octave alisema. Alitaka kuongeza kwamba amefaulu, akafungua mdomo, na badala ya neno kikaja kilio, pale kwenye ngazi, mbele ya mlinzi na watu wa kupita, na Mselem upande wa pili akakielewa vizuri kabisa.